Tairi Zilizoruka Korongoni

Tangu mwezi wa tatu Ngassa na Mabula hawakusalimiana. Bariadi hilo si jambo dogo. Huku salamu ya asubuhi inaanzia kwa mtu, inapita kwa watoto, inafika kwa ng'ombe, ndipo watu wanasema kilichowakutanisha. Hao wawili walikuwa wakipishana njiani kama mtu anavyopishana na nguzo.

Mwezi wa saba, pamba ikiwa imejaa kwenye vituo vya kununulia, Mabula akaingiza gari lake katika gereji ya Ngassa. Ni gari dogo jeupe, fupi mbele, refu nyuma, katika yale ambayo watu wanayaita michomoko. Akalizima katikati ya uwanja. Akashuka, akatupa ufunguo juu ya meza ya spana.

Ngassa alikuwa amekaa juu ya tairi la lori, anakunywa uji.

"Ondoa hiyo takataka hapa," akasema.

"Sikuja kwa kupenda, mzee. Nimetumwa na Anatoli."

"Anatoli ni mwenyekiti wa stendi. Kwangu hana kiti."

"Kamwambie mwenyewe. Amesema wewe ndiye uliyenitangaza kwa watu, basi wewe ndiye utakayelipima. Likipanda korongo na mzigo bila kuruka, narudi kwenye foleni. Likiruka, naliuza skrepa."

"Gari halina shida. Shida ina miguu miwili, imesimama hapa inanizibia jua."

"Basi waonyeshe," Mabula akasema. "Miezi minne unasema. Waonyeshe."

Akaondoka kwa miguu. Ngassa akamaliza uji wake. Ufunguo hakuugusa mpaka jua lilipopanda.

*

Ngassa ana miaka sabini na kitu. Mwaka wenyewe haujui. Hakusoma. Ujana wake aliumalizia kwenye kiwanda cha pamba, akibeba marobota mpaka mgongo ukataka kukatika, halafu siku moja akamshikia fundi wa malori spana, na tangu siku hiyo hakuiachia. Barua anasomewa na watu. Bolti anaisoma mwenyewe kwa vidole.

Mkewe alikuwa Lukresia, wa Migato. Miaka arobaini na mbili walikaa pamoja. Mji wao uko Migato, ng'ambo ya korongo. Yeye Ngassa wiki nzima yuko Bariadi na Jumamosi anarudi. Lukresia alikuwa na neno lake moja. Ngassa akisema, "Lile gari nimelimaliza," yeye anauliza, "Umelijaribu?" Hakujua gari ni nini wala linaendaje. Lakini kila mara, "Umelijaribu?" Neno hilo lilikuwa linamuudhi Ngassa mpaka anaacha ugali sahanini.

Mwezi wa tatu mwaka huu, mvua zikiwa zimekaza, Lukresia akashikwa na tumbo. Jumatano alisema ni chango. Ijumaa asubuhi hakuweza kusimama. Gari lililopita kijijini saa mbili lilikuwa la Mabula, linatoka Zagayu na gunia tatu za mpunga nyuma. Abiria wawili wakashuka wenyewe walipoona mgonjwa. Wakamlaza siti ya nyuma. Ngassa akaingia, akamwekea kichwa chake mapajani.

Korongo liko chini tu ya kijiji. Mtu akikohoa kule, huku juu unamsikia. Sakafu yake ni mawe yaliyopangwa, halafu upande wa kwenda Bariadi kuna kilima kifupi, kikali, kilichomwagwa changarawe.

Gari kama lile linavutwa na tairi za mbele. Likipanda na mzigo, uzito wote unakwenda kukaa mkiani, pua inakuwa nyepesi. Dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu, tairi inashika changarawe, inaachia, inashika, inaachia, mara kumi kabla hujavuta pumzi. Kila ikishika inavuta vyuma vyote vya chini, kila ikiachia vinarudi. Gari halipandi tena, linaruka mahali pamoja kama mbuzi aliyefungwa kamba. Ndivyo lilivyofanya siku ile. Du-du-du-du. Kichwa cha Lukresia kilikuwa kinarukaruka mapajani mwa mumewe, naye anakishika kwa mikono miwili. Halafu chini upande wa kulia kitu kikalia ta! Ekseli ilikuwa imekatika. Injini ikanguruma peke yake, gari likarudi nyuma polepole mpaka kwenye mawe.

Gari lingine halikupita. Pikipiki haikuweza kumbeba. Wakatuma mtu akafunge ng'ombe kwenye mkokoteni. Mkokoteni ulipofika, Lukresia alikuwa ameshakufa.

Kesho yake walizika. Kwetu wanaume wa kijiji ndio wanaochimba kaburi, na mtu asiyechimba kwa mwenzake, siku yake hatachimbiwa. Mabula alikuja na matope hadi magotini. Akachukua jembe. Hakupiga hata mara tatu, Ngassa akamfuata, akamnyang'anya jembe lile mbele ya watu wote.

"Wewe toka," akasema kwa sauti. "Wewe umeshachimba jana, kwa mguu wako. Unakanyaga mafuta kama unaua nyoka."

Mabula akatazama watu. Watu wakatazama chini. Akaondoka.

Tangu siku ile hakuna aliyepanda gari lake. Alinunua ekseli, akaifunga, gari likakaa nyumbani kwake majani yakiota kati ya tairi. Watoto wakipita wanasema, hilo ndilo. Wenzake stendi wakamwita Mkanyagaji. Mkewe, Monika, akienda kuteka maji wanawake walikuwa wananyamaza.

*

Siku ya kupima, Anatoli alikwenda mbele na pikipiki, akasimama juu ya kilima na tumbo lake. Ngassa na Mabula wakabaki chini kwenye mawe, na gari.

"Mzigo uwe uleule," Ngassa akasema.

Wakapakia gunia tatu za mchanga nyuma. Ngassa akaweka na nyingine mbili juu ya siti ya nyuma. Moja alilisimamisha. La pili akalilaza, akalitengeneza kwa mkono likae sawa. Mabula akafungua mlango wa nyuma.

"Hapo hukai," Ngassa akasema.

"Nikae wapi?"

"Mbele. Uone mguu wa mtu mzima unavyofanya kazi."

Ngassa akaliwasha. Akatia gia, akaachia taratibu, mguu wake juu ya mafuta kama anakanyaga yai. Gari likaacha mawe, likaanza kilima. Halikuruka.

"Unaona?" Ngassa akasema.

Walipofika katikati changarawe ikaanza kulitelezesha. Injini ikazubaa, ikataka kuzima.

"Kanyaga," Mabula akasema.

Ngassa akabana usukani, mguu palepale.

"Nimesema kanyaga, mzee. Au neno hilo hulikumbuki?"

Ngassa akaongeza mafuta. Kidogo tu, kama anavyoongeza mtu yeyote mwenye akili. Du-du-du-du! Usukani ukamtikisa mpaka mabega. Gunia lililolala likaanguka chini ya siti. Ngassa akatoa mguu, gari likatulia, likarudi lenyewe mpaka kwenye mawe.

"Mguu wa nani huo?" Mabula akauliza.

Juu kilimani Anatoli alikuwa anacheka, tumbo linapanda na kushuka. "Namhala! Mzee!" akapiga kelele. "Uzee unakuja na miguu yake!"

Wakashuka. Mabula akaubamiza mlango.

"Siku ile ulikuwa wapi wewe?" akasema. "Si ulikuwa hapo nyuma? Mayu, mama wa watu, anakoroma kama mtu anayekabwa, mimi nakwenda polepole, nani alisema kanyaga? Nani alinipiga kichwani kwa ngumi, kanyaga mafuta wewe mjinga, kanyaga! Nilikuwa peke yangu?"

"Ulikuwa na gunia tatu nyuma. Mgonjwa ndani, wewe unabeba mpunga."

"Nakuuliza habari ya kanyaga."

"Nami nakujibu habari ya mpunga."

"Kaburini nilinyamaza," Mabula akasema. "Nilisema huyu ni mzee, amefiwa, mwache. Nimekula matusi miezi minne kwa kukuheshimu. Basi, heshima imekwisha. Hili gari ulilifunga wewe mkono wa chuma wa tairi ya kulia, wiki mbili kabla. Ulisema, nenda, limepona. Kumbe limepona nini?"

Ngassa akarudi kwenye usukani. "Bado sijalifungua," akasema. "Likifunguliwa litasema lenyewe."

"Lakini wewe ndiye utakayeliuliza," Mabula akasema. "Nani atajua limejibu nini?"

*

Chini ya magari haya kuna mkono wa chuma kila upande. Ndio unaoshika tairi isikimbilie mbele wala nyuma. Pale unapofungwa kwenye bodi kuna bushi: bomba dogo la chuma, na mpira mnene umelizunguka. Mpira ukiwa mzima, tairi ikivuta unaishika. Mpira ukikatika, mkono unakuwa na nafasi ya kwenda na kurudi, na hapo ndipo gari linajifunza kuruka.

Ngassa akalipandisha gari kwa jeki, akaweka magogo, akatoa mikono yote miwili. Wa kushoto bushi yake ilikuwa ya zamani, ilikuja na gari. Imechoka, lakini mpira umeshika. Wa kulia bushi yake ni ile aliyoifunga mwenyewe mwezi wa pili. Akatia kidole. Kidole kikaingia mpaka kwenye kifundo. Mpira ulikuwa umechanika kuzunguka, kama nguo iliyokamuliwa.

Akakaa chini na ile bushi mkononi. Bushi ya wiki mbili kuchanika, ya miaka kumi kukaa.

Ng'ambo ya barabara iko gereji ya Joyness. Ni binti wa watu wa Sola, kasomea ufundi chuoni, na tangu afungue, nusu ya wateja wa Ngassa wamevuka barabara. Ngassa anamwita fundi wa madaftari. Joyness aliona mzee amekaa bila kugusa spana, akavuka.

"Mwadila, baba."

Ngassa hakuitikia.

Joyness akachuchumaa, akaitazama bushi. "Hii nani aliifunga?"

"Kimbelembele chako kitakuua. Ilifungwa vizuri."

"Sijasema vibaya. Ilikazwa gari likiwa juu ya magogo?"

"Ulitaka niikazie wapi, matopeni? Mwezi wa pili huu uwanja unaujua. Udongo mweusi unameza mpaka jeki. Ukilishusha gari huingii tena chini yake. Nikafunga kila kitu likiwa juu, nikalishusha, likaenda."

"Ndiyo hapo, baba. Likiwa juu tairi zinaning'inia, mkono unaangalia chini. Ukikaza bolti wakati huo, bushi inajua hapo ndipo kwao. Ukilishusha, mkono unapanda, mpira unabaki umejipinda. Gari limesimama tu na mpira unateseka. Akija mtu akakanyaga…"

"Nimekaza bolti za malori kabla mama yako hajaota meno."

"Malori ya kiwanda yale ya springi. Hayo ni mambo mengine."

"Vuka barabara," Ngassa akasema. "Vuka kabla sijakurushia hii."

Joyness akasimama, akajifuta magoti. "Sawa, baba. Lakini bushi mpya ukiifunga, chora mstari wa chaki juu ya mpira kabla ya kukaza. Mimi unaweza kunifukuza. Chaki je?"

Ngassa akamtukana kwa Kisukuma, tusi refu la wachunga ng'ombe. Joyness akacheka, akavuka.

*

Kesho yake asubuhi alisukuma bushi mpya mbili kwa jeki ya skrubu, akarudisha mikono yote miwili. Bolti za kushoto aliziingiza kwa mkono tu, akaziacha bila kukaza. Ya kulia ilikuwa ya majaribio. Gari likiwa juu ya magogo akasimama na kipande cha chaki mkononi.

Angeweza kutochora. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Joyness alikuwa na injini ya watu. Angesema dukani wanauza mpira mbovu, mambo yangekwisha.

Akachora. Mstari mmoja mweupe, mnyoofu, kutoka kwenye tundu la mkono linaloshika bushi, kupita juu ya mpira, hadi kwenye bomba la katikati. Akakaza bolti mpaka spana ikalia. Akashusha gari. Uwanja ulikuwa mkavu, akalala kifudifudi, akachungulia kwa kioo kidogo cha Lukresia, ambacho yeye Ngassa alikuwa akinyolea ndevu.

Mstari ulikuwa umevunjika. Kipande cha nje kimepanda, cha ndani kimebaki chini, na kati yao upana wa kidole gumba. Mpira umejikunja hapo, umekaza meno.

Alibaki amelala chini ya gari. Mtu aliyepita barabarani aliona miguu yake tu, akadhani mzee anafanya kazi.

Baadaye akatoka. Akalipandisha, akailegeza ile bolti, mpira ukajirudia, mstari ukanyooka. Akafuta chaki, akachora upya. Akalishusha gari bolti zote zikiwa legelege. Akapakia zile gunia za mchanga, akaminya pua ya gari kwa mikono mara nne, likacheza, likakaa linavyotaka. Ndipo akaingia chini kwa tumbo, kushoto na kulia, akakaza bolti akiwa amebanwa, spana ikienda robo kwa robo, vidole vinachunika. Akatazama kwenye kioo. Mstari ulikuwa mnyoofu.

Hakuishia hapo. Mpira unaoshika injini kwa nyuma ulikuwa umepasuka, ndio ulioiacha injini iyumbe kila mafuta yanapokanyagwa. Akaubadilisha. Upepo wa tairi za mbele ulikuwa mwingi, tairi ngumu kama jiwe. Akautoa kidogo ili zishike ardhi. Kazi ya nusu siku ikachukua siku nzima.

*

Alhamisi wakarudi korongoni. Gunia zote tano zikawekwa. Mabula akataka kuziacha nyuma kabisa.

"Sogeza mbele," Ngassa akasema. "Nyuma ya siti kabisa. Unataka kulikalisha gari mkia mpaka lini?"

"Hukusema hivyo juzi."

"Juzi nilikuwa nakupima wewe."

Safari hii Mabula ndiye aliyekaa kwenye usukani. Ngassa akaegemea dirisha. "Anza mapema, ukiwa kwenye mawe bado. Mafuta yapande pamoja na kilima. Ukisikia linaanza kudunda, toa mguu. Usishindane nalo. Gari halina aibu, wewe ndiye utakayeaibika."

"Umemaliza?"

"Nenda."

Gari likaacha mawe, likaingia kilimani. Katikati likateleza kidogo, Mabula akakanyaga, changarawe ikaruka nyuma, tairi zikashika. Likapanda. Likafika juu, likasimama karibu na tumbo la Anatoli.

Anatoli akapiga bodi kwa kiganja. "Limepita! Kesho uko kwenye foleni, ngosha, mwanamume wewe." Akamngoja Ngassa apande kwa miguu. "Haya namhala, lilikuwa nini?"

Mabula naye akatoa kichwa dirishani kusikiliza.

Ngassa akapumua. Kilima kilikuwa kimemchosha. "Mpira wa bushi ulikuwa umekufa," akasema.

"Wenye maduka," Anatoli akasema. "Wanatuuzia mipira ya ndala."

Ngassa hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mabula akamtazama kidogo, akarudisha kichwa ndani, akageuza gari. Hakumpa Ngassa lifti. Ngassa akarudi kwa miguu mpaka Migato, akafika kwenye nyumba ambamo hakuna aliyemuuliza kitu.

*

Jumamosi walikuwa wanajengea kaburi la Lukresia. Saruji ilikuwa imeletwa, Salvatory katekista alikuwa amesali, wanaume sita walikuwa wanachimba msingi kuzunguka. Kaburi liko kando ya barabara, kabla barabara haijashuka korongoni. Saa nne likaja gari jeupe kutoka Zagayu. Limejaa watu.

Ngassa akachukua jembe kutoka kwa Salvatory, akaenda kusimama katikati ya barabara.

Mabula akafunga breki. Vumbi likawapita. Abiria mmoja mwanamke akapiga ukelele, "Mayu wee, anataka kumkata!"

"Toka barabarani," Mabula akasema.

"Shuka."

"Nina watu, mzee. Sina muda wa wazimu wako."

"Shuka."

Mabula akashuka na spana ya magurudumu mkononi. Waliokuwa kaburini wakaacha kuchimba. Wawili wakaanza kuja mbio.

"Bushi ile niliifunga mimi," Ngassa akasema. "Niliikaza gari likiwa juu, kwa ajili ya matope. Ndiyo maana ilichanika. Sikulijaribu."

Mabula akaikaza spana mkononi.

"Na kanyaga nilisema mimi."

Mabula akashusha spana. Uso wake haukulainika. "Alhamisi ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua, ukamwacha Anatoli aseme maduka."

"Ndiyo."

"Sasa unaninong'oneza mimi? Mimi si najua? Siku ile ulisema kwa sauti. Sema kwa sauti."

Ngassa akageuka. Akarudi mpaka kaburini, jembe begani, Mabula nyuma yake, abiria nao wakashuka wakafuata. Akasimama pale alipokuwa amesimama mwezi wa tatu.

"Nilimfukuza huyu hapa," akasema kwa sauti. "Nilisema alimuua mke wangu kwa mguu wake. Ekseli ilikatika kwa sababu tairi iliruka. Tairi iliruka kwa sababu bushi ilikuwa mbovu. Bushi niliifunga mimi, vibaya. Na mimi ndiye niliyemwambia akanyage."

Mzee mmoja akakohoa. Salvatory akaanza kusema maneno ya kanisani, Ngassa akamkata: "Wewe sali baadaye."

Akamnyooshea Mabula jembe, mpini mbele.

Mabula akaliangalia. Kisha akalishika. Akaingia kwenye msingi, akachimba upande wa miguuni, udongo mkavu, mgumu, akiupiga kama ana ugomvi nao. Akachimba mpaka shati likalowa. Hakuna aliyempokea.

"Zile gunia tatu," akasema, bado ameinama, "zilikuwa za mama yangu. Ningeweza kuzishusha pale kwako. Sikufikiria."

"Ungezishusha," Ngassa akasema.

"Ndiyo. Ningezishusha."

Akatoka msingini. Jembe hakumrudishia Ngassa, alimpa Salvatory. Mwanamke mmoja akamletea maji kwenye kikombe, akamsogezea.

"Ya nyumba hii sinywi," Mabula akasema. "Kuchimba nimechimba kwa ajili ya mayu. Wewe mzee, usinisalimie stendi. Siku nikitaka salamu yako nitakuja kuichukua mwenyewe."

Ngassa akatikisa kichwa kukubali.

Abiria wakapanda, milango ikapigwa. Gari likaondoka, likashuka, likapotea korongoni. Wanaume wakarudi kazini, mmoja akaanza kuchanganya saruji.

"Ngoja," Ngassa akamwambia. "Simamisha hilo beleshi kidogo."

Akasimama, kichwa ameinamisha, anasikiliza. Akasikia tairi zinapita juu ya mawe. Akasikia mafuta yanaongezwa mapema, taratibu, gari zito, watu saba, linaingia kilimani. Injini ikapanda sauti. Katikati pale ikazubaa. Akasikia mguu unakanyaga.

Akangoja.

Injini ikaendelea, sauti moja, ikapanda, ikafika juu, ikapungua kuelekea Bariadi.

"Haya," Ngassa akasema, akachukua jembe.